Kitufe cha Kusimamisha Ndicho Kilichoua Sinema

Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata naomba mnivumilie, itakuja wiki ijayo panapo majaliwa. Leo naweka msimbo kando kidogo nizungumzie sinema. Namaanisha lile jumba lenyewe: tiketi ya karatasi, pazia, giza, na mtu mmoja kule juu nyuma ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso.

Ukiwa Nairobi hebu sikiliza makanga wanavyoita. Odeon ni steji ya matatu. Globe ni mzunguko wa barabara. Bellevue ni steji kwenye barabara ya Mombasa. Drive-In ni mtaa karibu na barabara ya Thika. Watu wa rika langu tunapanda na kushuka hapo kila siku, na wengi wetu hatujui kwamba tunataja majina ya sinema. Odeon ilikuwa sinema. Globe ilikuwa sinema. Bellevue na Fox kule Thika Road zilikuwa zile za kutazama ukiwa umekaa ndani ya gari lako. Shan ya Ngara siku hizi ndiyo Sarakasi Dome, wanakofanyia mazoezi wanasarakasi. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa unaofanana na huu: kielekezi kinachoelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kufutwa. Anwani unayo, ukifika hakuna kitu.

Kwetu Mombasa wazee wana orodha yao: Regal, Naaz, Majestic, Lotus. Mimi nilizaliwa wakati taa nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeshazimwa au zinakaribia kuzimwa. Kumbi nyingine nchini zimekuwa makanisa, nyingine maduka, nyingine zimesimama tu kama meno yaliyong'oka.

Wanaozikumbuka hutaja vitu vilevile: skrini kubwa, sauti iliyotetemesha viti, harufu ya bisi. Kusema kweli, mimi siamini kwamba hivyo ndivyo tulivyopoteza. Ukubwa unanunuliwa. Ukiwa na pesa leo utaning'iniza ukutani televisheni yenye picha safi kuliko ile waliyoiona babu zetu. Sauti vilevile. Tulichopoteza ni kingine, na nadhani mtu anayefanya kazi ya kompyuta yuko mahali pazuri pa kukiona.

Mashine isiyojua kusimama

Filamu ya milimita 35 hupita kwenye projekta kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Lakini utepe hautiririki kama maji. Kila fremu huvutwa, husimama kitambo kidogo mbele ya taa, kisha huvutwa nyingine. Wakati wa kuvutwa, kifuniko kinachozunguka huziba mwanga ili jicho lisione utepe ukisogea. Kifuniko hicho huziba tena katikati ya fremu ileile, kwa hivyo kila picha humulikwa mara mbili, miale 48 kwa sekunde, maana miale 24 peke yake ingemetameta na kukuumiza macho. Yaani sehemu kubwa ya muda waliolipia, watu walikuwa wamekaa gizani wakitazama kitambaa kitupu, na ubongo ukajaza uliobaki!

Dakika moja ya filamu ni kama mita 27 za utepe. Filamu ya saa mbili ni zaidi ya kilomita 3. Utepe mrefu namna hiyo ulikatwa ukawekwa kwenye rili za dakika kama 20 kila moja, na ukumbi ukawa na projekta mbili. Rili ya kwanza ikikaribia kwisha, alama ndogo ya duara hutokea kwenye pembe ya juu kulia ya picha. Opereta anawasha mota ya projekta ya pili. Sekunde chache baadaye alama ya pili inatokea, naye anabadilisha. Akifanya sawasawa hakuna anayejua. Akizubaa, skrini inabaki nyeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi. Mwenye kuandika programu za video atacheka hapa, kwa sababu hiyo ni bafa mbili kabisa: moja inaonyeshwa, nyingine inaandaliwa.

Sasa tia maanani jambo moja. Taa ya projekta ile ilikuwa kali kiasi kwamba fremu ikikwama mbele yake, na kinga ya joto isishuke upesi, iliyeyuka. Waliowahi kuona wanasimulia doa la kahawia linalotokea katikati ya uso wa mwigizaji na kupanuka mpaka limemla wote. Kwa hivyo kuisimamisha filamu kulikuwa ni kuichoma! Mwenye ukumbi hakukunyima kitufe kwa ubahili, mashine yenyewe haikukijua.

Na hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo. Sinema ilikuwa mahali ambapo mtazamaji hakuwa na kitufe. Hakusimamisha, hakurudisha nyuma, hakuruka mbele. Ilianza saa waliyosema, wimbo wa taifa ukapigwa watu wakasimama, ikaenda, ikaisha. Ukichelewa umechelewa. Ukisinzia imekupita. Na watu mia tano waliokuwa nawe walikuwa kwenye fremu ileile na wewe, kwa sekunde ileile.

"Utazipata wapi tena?"

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpenzi mkubwa wa picha za Kihindi. (Pwani wazee hawasemi filamu, wanasema picha.) Kulikuwa na maonyesho ya mchana ya wanawake pekee, na hayo ndiyo aliyokwenda na mashoga zake wa mtaani, njugu na mabuyu wamefutika ndani ya mabuibui. Mother India ya mwaka 1957 aliiona. Sholay ya mwaka 1975 aliiona mara nne, na picha ile ni zaidi ya saa tatu. Kihindi hajakisoma hata siku moja. Lakini mpaka uzeeni alikuwa akichambua mchele jikoni anaimba nyimbo nzima za picha hizo, maneno yote, na pale ala zinapoingia anaziimba na ala zenyewe.

Siku moja nikamwuliza, "Bibi, nyimbo zote hizi ulizishikaje?" Akanitazama kama niliyeuliza maji hunywewaje. "Mjukuu wangu, ukizikosa pale utazipata wapi tena?"

Nimekaa na jibu hilo miaka. Yeye alijua kwamba wimbo ule unapita mara moja, kwa hivyo alifungua masikio. Aliyetaka kuusikia tena alilipa tena, akaketi tena saa tatu. Mimi ninao wimbo wowote duniani ndani ya simu, na sijui hata mmoja mpaka mwisho.

Ushahidi mwingine uko kwenye muziki wetu. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa taarabu ya mahadhi ya Kihindi. Mahadhi hayo yalitoka wapi? Yalitoka ukumbini, midomoni mwa watu, yakavishwa mashairi ya Kiswahili, yakaingia harusini. Mji mzima ulikuwa kinasa sauti. Usingepata hilo kwa watu wanaotazama huku wanasogeza kidole.

Jirani zetu Tanzania nao walikuwa na yao. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaeleza jinsi nakala moja ya picha ilivyotumika katika kumbi zaidi ya moja jioni ileile, vijana wa baiskeli wakikimbiza rili kutoka ukumbi huu hadi ule. Jamani, huo si ndio utiririshaji? Pakiti ni rili, mtandao ni baiskeli, na pakiti ikichelewa watumiaji wanapiga kelele papo hapo bila kujaza fomu ya malalamiko.

Nisieleweke vibaya

Sisemi mambo yote ya kale yalikuwa mazuri. Wakati wa ukoloni, wakaguzi waliamua picha ipi Mwafrika anafaa kuitazama na ipi hafai, kana kwamba macho yetu yalikuwa ya daraja la pili. Tiketi ilikuwa anasa kwa wengi. Wanawake wa Pwani walipata mchana mmoja mmoja, wanaume wakapata wiki nzima. Utepe ulikatika. Kijijini hakukuwa na ukumbi wowote, labda gari la sinema lipite. Anayekuambia zamani kila mtu alikwenda sinema anakudanganya.

Wala sidai kwamba kitufe peke yake ndicho kilichofunga milango. Kanda za video ziliingia majumbani miaka ya 1980, kisha nakala za wizi, kodi ya majengo katikati ya mji ikapanda, na watu wakaogopa kurudi nyumbani usiku. Hayo yote ni kweli. Lakini angalia kanda ya video ilileta nini hasa. Picha yake ilikuwa mbaya kuliko ya sinema, sauti mbaya, skrini ndogo. Kitu kimoja tu ilikishinda sinema: rimoti. Tukapewa uwezo wa kusimamisha, na tangu siku hiyo kila teknolojia iliyofuata imetuongezea uwezo huohuo. Netflix ilipofika Kenya Januari 2016 hatukupewa filamu tu, tulipewa filamu zisizo na saa.

Kibanda

Kuna atakayesema, "Wewe kijana una miaka ishirini na kitu, sinema za kale unazijulia wapi?" Swali zuri. Mimi sinema yangu ilikuwa kibanda cha video.

Katikati ya miaka ya 2000, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha mabati. Kiingilio shilingi 10. Ndani kulikuwa na televisheni ya inchi 21, mabenchi ya mbao, joto la kupika mkate, na diski moja yenye picha kumi na mbili ndani yake. DJ Afro alikuwa akitafsiri kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akimpa kila mwigizaji jina jipya na kumwonya steringi adui akimjia kwa nyuma. Picha yenyewe wakati mwingine ilikuwa imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa watu wengine, unaona kichwa cha mtu kinapita kwenda msalani!

Kwa vipimo vyote vya kiufundi kilikuwa kituko. Hata hivyo watoto arobaini tuliketi pale tumebanana, na steringi alipoinuka tena kutoka chini tulipiga mayowe yaliyosikika barabarani. Kwa nini? Rimoti ilikuwepo, lakini ilikuwa mfukoni mwa mwenye kibanda. Hakuna aliyeweza kumwambia rudisha nyuma. Kitu pekee kilichoweza kusimamisha picha kilikuwa ni kampuni ya umeme.

Ndiyo maana nakataa hadithi ya skrini kubwa. Kibanda kilikuwa na skrini ndogo kuliko zote na bado kilikuwa sinema. Sebule ya tajiri ina skrini ya inchi 75 na bado si sinema, kwa sababu kila baada ya dakika kumi mtu anasema, "Hebu simamisha kidogo nijibu simu."

Na mpira je?

Nilipowapa wenzangu kazini hoja hii, mmoja akanirukia. Mtumiaji ndiye mfalme, akasema. Mpe uhuru. Ukimnyima kitufe atakukimbia aende kwingine.

Nikamwuliza jumamosi alitazama nini. Mpira. Alitazamia wapi? Kwenye baa, na watu sitini. Mechi ilianza saa ngapi? Saa waliyopanga wao. Aliisimamisha? Hakuisimamisha. Angeweza kuitazama jumapili asubuhi kwa kasi ya mara mbili, peke yake, bila matangazo? Angeweza. Alitaka? Akanyamaza.

Vibanda vile vya video havikufa vyote, mnajua. Vingi vilivyosalia mitaani vinaonyesha ligi ya Uingereza. Hadhira ya sinema haikupotea, ilihamia kwenye kitu pekee kilichobaki ambacho kina saa yake na hakisimami. Kwa hivyo msituambie watu hawataki tena kukaa pamoja bila kitufe. Kila wikendi wanalipia jambo hilohilo!

Na hata filamu, zikipewa saa, watu huja. Februari 2018 Black Panther ilipotoka, watu walivaa vitenge na shanga kwenda ukumbini kama wanaokwenda harusini. Septemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu iliruhusu Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyokuwa imepigwa marufuku, ionyeshwe kwa siku 7 tu ili ipate kustahiki mashindano ya Oscar. Kumbi zilijaa, maonyesho yakaongezwa. Leo sizungumzii maudhui yake wala mjadala wake, hayo kila mtu ana yake. Nazungumzia zile siku 7. Kila mtu alijua kwamba asipokwenda wiki ile, imekwisha. Wangewekewa filamu hiyohiyo mtandaoni bila kikomo, nusu yao wangeitia kwenye orodha ya "nitatazama baadaye", na baadaye ile tunaijua sote haiji.

Kinachonihusu mimi

Kwa nini naandika haya kwenye blogu ya kompyuta? Kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaotengeneza vitufe. Kampuni ninayoifanyia kazi ina programu ya kutazama video kwenye simu, na kwenye orodha ya mambo ya kuongeza msimu huu kuna haya manne: kutazama kwa kasi ya mara 1.5, kuruka utangulizi, kipande kinachofuata kuanza chenyewe, na "chumba cha kutazama pamoja". Matatu ya kwanza yanamtenga kila mtu na saa yake. La nne linajaribu kuwakusanya tena. Tunabomoa ukumbi kwa mkono wa kulia na kuujenga kwa wa kushoto.

Hicho chumba cha pamoja kilivyochorwa, kila mshiriki ana kitufe cha kusimamisha. Yaani mmoja akienda kunywa maji, kumi na tisa wanangoja. Hapo tumeunganisha ubaya wa sebule na ubaya wa foleni ya benki. Mimi nimependekeza hivi:

1. Filamu ina saa ya kuanza, imetangazwa siku mbili kabla. Saa ikifika mlango unafungwa.
2. Hakuna kusimamisha, kurudisha wala kuruka. Mtandao ukikukatikia, ukirudi unaingia pale wenzako walipofika.
3. Mapumziko ni moja, ya wote, dakika 10 katikati. Hapo ndipo gumzo linafunguliwa.
4. Ikiisha imeisha. Haibaki kwenye historia ya mtu.

Kiufundi ni kazi nyepesi kuliko ile waliyoichora. Huhitaji kusawazisha vitufe ishirini vinavyogombana. Unahitaji saa moja ya seva na hesabu ya kutoa: sasa hivi toa saa ya kuanza, basi, hiyo ndiyo fremu yako. Opereta wa Regal angeielewa bila kufundishwa. Ugumu uko kwa watu wa soko, kwa maana namba wanayoitazama ni dakika ngapi mtu amekaa ndani ya programu. Hawana namba ya watu waliotoka wakiimba. Na kitu kisicho na namba, katika mikutano yetu, huhesabiwa kuwa hakipo.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya kweli, na haihusu sinema peke yake. Kila tunapomwongezea mtu uwezo wa kuahirisha, tunamwondolea sababu moja ya kuwa mahali fulani kwa wakati fulani na watu fulani. Kitufe kimoja hakina ubaya. Vikiwa elfu moja, unapata jengo la ghorofa kumi ambalo kila nyumba inatazama kitu chake, na kwenye ngazi watu hawana la kuzungumza. Bibi na mashoga zake walikuwa na Sholay ya kuzungumzia mwezi mzima.

Nawaomba wenzangu wa fani hii jambo dogo. Mnapochora kipengele kipya msiulize tu, "Mtumiaji anaweza kufanya nini?" Ulizeni pia, "Tukimpa uwezo huu, ataacha kufanya nini na wenzake?"

Nanyi wasomaji wengine, nina ombi jepesi zaidi. Mkiwa na mzee nyumbani, leo jioni mwulizeni aliona picha gani, ukumbi gani, aliketi na nani. Mtashangaa. Anayesahau alikoweka miwani atawatajia safu ya kiti. Yaandikeni, kwa sababu bodi za majina zimeshateremshwa na hao ndio nakala ya mwisho iliyobaki. Niandikieni ukumbi wa mji wenu uliitwaje: Kisumu, Nakuru, Malindi, popote. Nitayakusanya majina yote niyaweke hapa.

Haya, tukutane wiki ijayo na hifadhidata yetu.